Bastola Iliyong'ata Mkono wa Mwenyewe: Historia ya Marekebisho ya M1911

Hebu fungua kiganja chako cha kulia uitazame ile ngozi laini iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Kwa miaka zaidi ya kumi, askari wa Marekani walikuwa wakitoka kwenye uwanja wa shabaha ngozi hiyo ikivuja damu. Hawakupigwa risasi na mtu. Walikuwa wameng'atwa na bastola yao wenyewe.

Bastola hiyo ni M1911. Ilibuniwa na John Moses Browning, fundi mzaliwa wa Ogden, Utah, ikatengenezwa na kampuni ya Colt, na jeshi la Marekani likaipitisha rasmi tarehe 29 Machi 1911. Ilibaki kuwa bastola ya jeshi hilo hadi 1985. Hata leo kampuni nyingi zinaitengeneza, na spea zake ni biashara kubwa ajabu: vifyatulio, springi, mitutu, vilengeo, magazini, kila kitu.

Sasa jiulize. Kama bastola hii ilikuwa nzuri kiasi cha kudumu miaka 74 jeshini, kwa nini watu hawajaacha kuirekebisha? Wahenga wetu wana jibu la haraka: mchagua jembe si mkulima. Yaani anayelalamikia kifaa ni mvivu tu. Lakini vipi kama jembe kweli ni bovu? Utajuaje? Makala hii inahusu swali hilo. Hatuandiki ili uipende silaha. Tunaandika kwa sababu ni nadra kupata kifaa ambacho malalamiko ya watumiaji wake yameandikwa kwa zaidi ya karne nzima, na tunaweza kuona ni lalamiko gani lilikuwa la kweli na lipi lilikuwa hadithi tu.

Lalamiko la kwanza: "risasi haina nguvu"

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1898 Marekani iliishinda Hispania vitani ikachukua visiwa vya Ufilipino. Huko kusini, Mindanao na Sulu, iliwakuta Wamoro, Waislamu ambao hata Wahispania hawakuwahi kuwatawala sawasawa. Wamoro hawakukubali bwana mpya. Walipigana kwa mapanga na majambia, wakati mwingine mtu mmoja akivamia kundi zima la askari.

Maofisa wa Marekani walianza kulalamika kuhusu rivolva zao za kalibari .38. Walisema: unampiga mtu risasi kadhaa na bado anakuja na panga lake. Jeshi likatoa tena rivolva za zamani za .45 zilizokuwa zimeshastaafishwa.

Kabla hatujaendelea, tuwe wakweli kuhusu nani alikuwa analalamika. Mwezi Machi 1906, katika mlima wa Bud Dajo kisiwani Jolo, askari wa Marekani waliua mamia ya Wamoro, wanawake na watoto wakiwemo. Kwa hiyo lalamiko la "risasi haina nguvu" lilikuwa la mvamizi, na mtu aliyepigwa risasi alikuwa nyumbani kwake. Kumbukumbu za kiufundi huwa hazisemi hivyo. Zinazungumzia kipenyo cha risasi tu. Ukisoma historia ya kifaa chochote, uliza kila mara ni sauti ya nani imeandikwa.

Mwaka 1904 jeshi liliamua kupima. Kapteni John T. Thompson (ndiye huyo ambaye baadaye jina lake lilipewa bunduki ya Thompson) na daktari wa jeshi Louis La Garde walikwenda kwenye machinjio ya Chicago. Waliwapiga ng'ombe risasi za aina mbalimbali wakihesabu muda wa kufa. Siku ya pili wakabadilisha utaratibu, wakawa wanapiga harakaharaka. Pia walizipiga risasi maiti za watu zilizoning'inizwa, wakitazama zinavyotikisika.

Kama wewe ni mwanafunzi wa sayansi, nadhani tayari umeshtuka. Wanyama wachache, utaratibu uliobadilishwa katikati ya jaribio, na kipimo cha macho! Leo ukipeleka pendekezo la namna hiyo kwa msimamizi wako, hutapata hata nafasi ya kukaa. Hata hivyo ripoti ilitoka na mapendekezo, na mawili kati yake ni muhimu kwetu. La kwanza: bastola ya jeshi isiwe chini ya kalibari .45. La pili: askari wafundishwe bila kuchoka kulenga vizuri, maana risasi inayokosa mahali muhimu haisaidii kitu, iwe kubwa au ndogo.

Pendekezo lipi lilikumbukwa? Bila shaka unajua. La kwanza ni la kununua, la pili ni la kutoa jasho.

Tupige hesabu

Hadi leo utasikia watu wakisema .45 "inamwangusha mtu chini". Haya, chukua kalamu. Risasi ya kawaida ya .45 ya jeshi ina uzito wa gramu 14.9 na inatoka kwa kasi ya takribani mita 253 kwa sekunde. Zidisha uzito kwa kasi upate kile ambacho wanafizikia wanakiita momenta: 0.0149 × 253, sawa na kama 3.8. Sasa gawanya kwa mtu wa kilo 70. Unapata mita 0.054 kwa sekunde, yaani sentimita tano na kidogo. Mtu akitembea kawaida anakwenda zaidi ya mita moja kwa sekunde. Kwa hiyo msukumo wa risasi hiyo kwa mwili mzima ni mdogo kuliko kupigwa kikumbo kwenye daladala.

Ile .38 ya zamani je? Risasi yake ilikuwa ya gramu 9.7 hivi, kasi kama mita 235 kwa sekunde. Ukipiga hesabu hiyohiyo unapata sentimita tatu na kidogo kwa sekunde. Tofauti ipo, lakini hakuna kati yao inayomwangusha mtu kwa kumsukuma. Risasi inamwangusha mtu kwa kile inachokata ndani ya mwili, na hilo linategemea imepita wapi. Pendekezo la pili la mwaka 1904, lililosahauliwa, ndilo lililokuwa na fizikia upande wake.

Na teke je? Hapo hesabu inageuka. Momenta ileile inarudi kwenye bastola, nayo ina uzito wa kilo 1.1 tu, si 70. Ndiyo maana anayefyatua anahisi kishindo kikubwa mkononi na kuamini kwamba aliyepigwa amehisi zaidi. Mkono unadanganya.

Mtihani ambao haukupima mikono

Mwezi Machi 1911 bastola ya Browning ilishindanishwa na ya kampuni ya Savage. Kila moja ilipigwa risasi 6,000. Ikipata moto sana, iliachwa ipoe kidogo kisha ikaendelea. Savage ilikwama mara 37. Colt haikukwama hata mara moja.

Siri yake ilikuwa nini? Kwa maneno mepesi: risasi ikitoka, mtutu na slaidi (ile sehemu ya chuma ya juu inayoteleza) vinarudi nyuma vikiwa vimeshikana. Baada ya milimita chache, kiungo kidogo kinachobembea kinauvuta mtutu chini, unaachana na slaidi, na slaidi inaendelea nyuma peke yake. Inatupa ganda tupu, inairudisha nyundo nyuma, halafu springi inaisukuma mbele tena ikiwa imebeba risasi mpya. Browning aliacha nafasi ya kutosha kati ya vyuma hivyo ili mchanga na masizi visiikwamishe.

Lakini mtihani hujibu ulichouliza tu. Tume ile iliuliza: je, itakwama? Haikuuliza: je, mkono mdogo utaifikia? Mwenye kutumia mkono wa kushoto atafanyaje, na sefti iko upande wa kushoto tu, mahali pa gumba la mkono wa kulia? Na nyundo ikirudi nyuma, itabana nini?

Ilibana ngozi. Mkia wa nyundo ulikuwa mrefu, na sefti ya mshikio, ile inayobonyezwa na kiganja, ilikuwa fupi. Ukiishika bastola juu vizuri, kama inavyotakiwa, nyundo ilirudi na kuifinya nyama yako kila risasi. Vita Kuu ya Kwanza iliweka bastola hii mikononi mwa vijana wengi wa kila umbo, na malalamiko yakaja kwa wingi: inang'ata, kifyatulio kiko mbali, risasi zinakwenda chini ya shabaha, kilengeo ni chembamba hakionekani.

Jeshi lilisikiliza. Kuanzia 1924 yalikuja mabadiliko, na mwaka 1926 bastola ikapewa jina la M1911A1. Kifyatulio kilifupishwa, fremu ikakatwa kidogo pembeni ili kidole kifike. Mkia wa sefti ya mshikio ukarefushwa, wa nyundo ukafupishwa. Nyuma ya mpini pakawekwa tumbo ili mdomo wa mtutu uinuke. Kilengeo cha mbele kikanenepeshwa. Mwaka huohuo wa 1926 Browning alifariki huko Liège, Ubelgiji.

Angalia jambo hili lakini. Miongo kadhaa baadaye, raia wengi walioinunua bastola hii walitoa lile tumbo la nyuma na kurudisha bapa la mwanzo, na kurudisha kifyatulio kirefu pia. Jeshi lilikosea? Hapana. Lilitafuta umbo la kuwafaa wengi kwa wastani. Mtu mmoja mwenye mkono wake mmoja si wastani.

Cherehani, taipureta na milimita

Vita ya Pili ya Dunia ilileta tatizo jingine. Colt peke yake haikuweza kutosheleza, kwa hiyo kazi ilipewa hata viwanda ambavyo havijawahi kutengeneza silaha. Mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa M1911A1 alikuwa Remington Rand, kampuni ya taipureta. Union Switch & Signal ilikuwa ikitengeneza vifaa vya kuongozea treni. Na Singer, ndiyo, Singer ileile ya cherehani unayoiona barazani kwa fundi nguo, ilitengeneza bastola 500.

Sharti lilikuwa moja: spea ya kiwanda kimoja iingie kwenye bastola ya kiwanda kingine bila kupigwa tupa. Ili hilo liwezekane, lazima uache nafasi kidogo kila mahali. Matokeo yake, bastola ya jeshi iliyotumika ukiitikisa inagongagonga kama sufuria. Inafanya kazi, lakini mtutu haurudi mahali palepale kabisa kila mara, na risasi zinatawanyika.

Michoro hiyo ya kawaida ndiyo iliyozaa biashara ya spea baadaye. Baada ya 1945, kwa miongo mingi, jeshi halikununua bastola mpya za aina hii. Zilikuwepo za kutosha. Nyingine ziliuzwa kwa raia. Hataza za Browning zilikuwa zimekwisha, vipimo vinajulikana, na fundi yeyote mwenye mashine nzuri aliweza kutengeneza kipande akijua kitaingia. Ni kama bodaboda za mtaani kwetu: pikipiki ikishakuwa moja kila kona, spea zake zitauzwa hadi kwenye genge la nyanya.

Kila dawa ina gharama yake

Wapiga shabaha walitaka kwanza usahihi. Mafundi walikaza nafasi kati ya slaidi na fremu, na kuufanya mtutu ukae palepale. Ilifanya kazi kweli, matundu kwenye karatasi yalikaribiana. Lakini nafasi uliyoiziba ndiyo ileile aliyoiacha Browning kwa ajili ya mchanga. Ukiondoa yote, umenunua usahihi kwa kulipa uhakika. Kwenye mashindano, ukikwama unapoteza alama. Kwa askari aliye kwenye tope, unapoteza kingine.

Mwaka 1970 Colt walijaribu kupata vyote viwili. Walitengeneza kishikio cha mtutu chenye vidole vya springi vinavyoubana mbele. Wazo zuri. Ila baadhi ya vidole vilivunjika, na kipande kilichovunjika ndani ya bastola kinaikwamisha. Hatimaye Colt waliachana nacho.

Lalamiko la vilengeo, kwa upande mwingine, lilikuwa la kweli, na hesabu inaonyesha. Umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma kwenye M1911 ni kama milimita 165. Ukikosea kuvipanga kwa milimita moja tu, kwenye shabaha iliyo mita 25 utakosa kwa 25,000 ÷ 165, yaani milimita 150 hivi. Sentimita kumi na tano kwa kosa dogo kama unene wa kucha! Kilengeo kinachoonekana vizuri hakiongezi nguvu yoyote kwenye risasi, ila kinapunguza kosa hilo. Ndiyo maana kubadilisha vilengeo kulikuwa miongoni mwa marekebisho ya mwanzo kabisa.

Halafu kuna risasi zenyewe. Browning aliipima bastola yake kwa risasi za jeshi zenye pua ya mviringo. Polisi na raia walipoanza kutumia risasi zenye shimo puani, zilikwama zikipanda kutoka kwenye magazini. Mafundi walisugua njia ya kupandia, na magazini yakabuniwa upya. Mmoja wa walioupata umaarufu kwa kazi hiyo ni Bill Wilson wa Arkansas, aliyeanza maisha kama fundi saa. Hapa bastola haikuwa na kosa. Kazi ndiyo iliyobadilika.

Mashindano ya kupiga kwa haraka, yaliyopata chombo cha kimataifa mwaka 1976, yalileta sefti za pande zote mbili na ule mkia mpana wa nyuma unaofunika mkono. Ndiyo, kung'atwa kulipata tiba kamili, na wa mkono wa kushoto wakakumbukwa, zaidi ya miaka sitini baada ya mtihani wa 1911.

Kuna na mapambo. Chuma kirefu cha kuongoza springi, kinachojaa urefu wote, kiliwekwa kwenye bastola nyingi kwa madai ya kuongeza usahihi. Mafundi wengi wazoefu wanasema faida yake haionekani, na kinafanya bastola iwe ngumu kufunguliwa. Kipo kwa sababu kinauzika.

Lalamiko lililochelewa kusikika

Nimelibakiza la mwisho kwa makusudi, maana si la starehe ya mpigaji. Pini inayogonga fataki ya risasi kwenye M1911 ni huru. Springi ndogo tu ndiyo inayoirudisha nyuma. Bastola ikianguka kutoka juu kwa mdomo wa mtutu, bastola inasimama ghafla lakini pini inaweza kuendelea na safari yake. Hiyo ni sheria ya kwanza ya Newton, huhitaji kidole cha mtu.

Colt walijua mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1930 waliweka kizuizi cha pini kwenye baadhi ya bastola, kinaitwa kizuizi cha Swartz, kisha kikaachwa vita ilipokuja. Kizuizi kingine kilirudi mwaka 1983 katika toleo la Series 80. Na unajua wapenzi wa bastola hii walisema nini? Walilalamika! Vipande vilivyoongezwa vinaharibu ulaini wa kifyatulio. Baadhi ya watengenezaji walichagua njia nyingine: pini nyepesi ya titani na springi ngumu zaidi. Jimbo la California, kuanzia 2001, liliamua kwamba bastola mpya zinazouzwa lazima zipite mtihani wa kuangushwa.

Ona tofauti. Anayelalamikia ulaini wa kifyatulio ni mwenye bastola, yuko dukani, ana fedha mkononi. Anayefaidika na kizuizi cha pini ni mtoto aliye chumba cha pili, au mpita njia. Huyo hajui hata kwamba kuna mjadala. Soko la spea linasikia vizuri sana sauti ya mteja, ila halina sikio la asiyenunua. Kwa huyo ilihitajika sheria.

Mwisho wa .45?

Mwaka 1985 jeshi la Marekani lilichukua Beretta ya milimita 9 yenye risasi 15 badala ya 7. Mashabiki wa .45 walinung'unika, wakikumbushia Ufilipino. Mwaka 2014 kitengo cha mafunzo cha FBI kiliandika kwamba kwa risasi za kisasa, milimita 9 haizidiwi na kalibari kubwa kwa kazi ya polisi, na kwamba watu wengi wanalenga vizuri zaidi nayo kwa kuwa teke lake ni dogo. Kulenga vizuri! Ni lile pendekezo la pili la machinjioni Chicago, likirudi baada ya miaka 110.

Basi turudi kwa wahenga. Mchagua jembe si mkulima? M1911 inatuambia methali hiyo ni nusu ya ukweli. Waliosema inawang'ata walikuwa sahihi, damu ilikuwepo. Waliosema vilengeo havionekani walikuwa sahihi, hesabu ipo. Waliosema risasi yao haina nguvu walikuwa na hofu ya kweli, lakini tiba waliyopewa haikupimwa sawasawa. Na aliyekuwa kwenye hatari kubwa kuliko wote hakulalamika kabisa.

Kwa hiyo siku ukitaka kubadilisha kipande cha kifaa chako chochote, iwe simu, baiskeli au darubini ya maabara, jiulize maswali mawili kabla ya kutoa fedha. Je, kosa hili nimelipima, au nimelisikia tu? Na nikilirekebisha, gharama yake itamwangukia nani?